Silinda Moja Ina Njaa, Tatu Zimevimbiwa: Plagi, Waya, Maji au Mashine?

Afande mmoja mstaafu hapa Tororo alifika gereji na Kikumi yake, ile Corolla AE100 ambayo Uganda nzima inaijua kwa jina hilo. Gari lilikuwa linamisi, yaani kuna silinda inayokosa kuunguza mafuta yake, linanuka petroli, na taa ya injini imewaka. Mkononi alishika plagi nne zilizofungwa kwenye gazeti. Tatu nyeusi kama kitako cha chungu. Moja, ya silinda ya tatu, nyeupe safi.

"Fundi, nimeambiwa hii ya tatu ndiyo nzima, na hizi nyingine injekta zake zinavuja. Sasa ninunue injekta tatu?"

"Usinunue kitu, afande. Hiyo safi ndiyo yenye ugonjwa. Hizo nyeusi zinalishwa kwa sababu yake."

Hakuniamini, na simlaumu. Anayeona plagi tatu chafu na moja safi atakwenda kwenye chafu. Lakini magari haya ni mengi bado. Tangu 2018 sheria yetu inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15, ila yaliyokwisha kuingia hayajaenda popote, na ugonjwa huu wa silinda moja kupata mafuta tofauti na wenzake naukuta mara kwa mara. Njia za kuutafuta ni nyingi, nyingine bure, nyingine za kulipia, na si zote zinajibu swali lile lile.

Sinia moja, watoto wanne

Petroli huungua sawasawa ikipata hewa kilo 14.7 hivi kwa kila kilo moja ya petroli. Kwenye gari la injekta, zile pua ndogo zinazopulizia petroli, kompyuta hulinda kipimo hicho kwa kusikiliza sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye ekzosi. Kikumi ina sensa moja tu, nayo imekaa mahali ambapo moshi wa silinda zote nne umeshakutana.

Sasa injekta ya silinda ya tatu ikiziba nusu, silinda hiyo haimalizi hewa yake, na oksijeni iliyobaki inatoka nje. Sensa inasema: hapa mafuta ni machache. Kompyuta haijui ni nani analalamika. Ni kama mama anayesikia mtoto mmoja kati ya wanne analia njaa, naye anaongeza posho kwenye sinia la wote. Watatu wanavimbiwa, na yule aliyelia bado mkono wake haufiki. Ndiyo maana plagi za afande zilikuwa vile.

Kwa hiyo kila kipimo nakiuliza maswali mawili. Je, kinatenganisha silinda na silinda? Na je, kinaniambia kama silinda ina njaa au imevimbiwa? Utaona kwamba karibu vyote vinajibu moja tu.

Hakikisha kwanza kuwa ni mafuta

Silinda yenye valvu inayovuja au ringi zilizochoka hujifanya ina shida ya mafuta, na unaweza kumaliza mwezi unasafisha injekta bure. Pima kompresho kwanza, yaani jinsi kila silinda inavyokandamiza hewa. Ondoa plagi zote, kata umeme wa koili na wa injekta, kanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho, kisha piga starta. Kwa injini za familia hii, 4A-FE na 7A-FE, Toyota inataka tofauti kati ya silinda isizidi psi 14.

Namba zenyewe zisikutishe. Vitabu vimeandikwa kwa usawa wa bahari. Sisi tuko juu, Kampala na Tororo karibu mita 1,200, na hewa yetu ina kani pungufu ya ile ya Mombasa kwa kama asilimia 13. Kitabu kikisema psi 191 kwa injini mpya, hapa injini nzima kabisa itasoma kama 165. Nimewahi kuona injini ikifunguliwa kwa oveholi kwa sababu tu namba ilikuwa ndogo kuliko ya kitabu, ilhali silinda zote nne zilikuwa sawa.

Mwinuko huo huo unadanganya kwenye kabureta. Hiace ya kabureta iliyotegwa Mombasa ikipandishwa hadi Kabale, karibu mita 2,000, itatoa plagi nyeusi. Lakini zitakuwa nyeusi zote nne. Zote zikifanana, tafuta sababu inayozigusa zote: mwinuko, choki iliyokwama, boya la kabureta, kisafisha hewa kilichoziba. Makala hii ni ya zile zisizofanana.

Plagi dhidi ya waya

Hizi ndizo njia mbili za maskini, na watu huzichanganya kama vile ni moja.

Kusoma plagi hakuhitaji kitu zaidi ya spana yake. Rangi ya biskuti kwenye ile kauri ya katikati ni nzuri. Nyeupe kama chokaa, silinda ina njaa. Nyeusi kavu ya masizi, imevimbiwa. Nyeusi inayong'aa na yenye utelezi ni oili, na hilo ni jambo la ringi au sili za valvu. Uzuri wa plagi ni kwamba inajibu maswali yote mawili kwa pamoja: inataja silinda, na inasema njaa au shibe.

Ubaya wake ni kwamba inasimulia mambo ya zamani. Rangi ni kumbukumbu ya siku nyingi, na dakika kumi za kungurumisha gari limesimama zinaweza kuifuta. Mtu anayekuja gereji kupitia foleni ya malori ya mpakani Malaba, kisha anaacha gari likinguruma huku akisalimia, ananiletea plagi zenye masizi ya foleni. Endesha kwanza gari likiwa na mzigo, kilima kidogo, kisha egesha na uzime mara moja. Acha injini ipoe kabla ya kufungua, maana kichwa cha alumini kikiwa moto nyuzi zake hung'oka kirahisi.

Pia vitabu vya zamani vinaonyesha rangi ya kahawa iliyokolea kwa sababu petroli ya wakati ule ilikuwa na risasi. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara risasi iliondolewa kwenye petroli kufikia mwanzo wa 2006, na plagi za leo huwa na rangi hafifu zaidi hata zikiwa na afya. Na ukiwa na Premio au Carina yenye 7A-FE iliyotoka Japani, nyingi ni zile zilizotengenezwa kuendeshwa kwa mafuta machache makusudi. Plagi zake zikiwa nyeupe-nyeupe zote, mwache mzee wa watu aendelee na safari.

Kuchomoa waya ni jambo jingine. Injini ikinguruma, unaondoa moto wa silinda moja na kusikiliza. Silinda inayofanya kazi ikikatwa, injini inatikisika na kushuka. Ile isiyofanya kazi, unakata na hakuna kinachobadilika. Hapa hakuna historia, unasikia hali ya sasa hivi. Kwa kutaja silinda, siijui njia ya bure inayoishinda. Lakini haikwambii kwa nini. Silinda isiyo na moto, isiyo na kompresho, yenye njaa na iliyovimbiwa zote zinajibu vilevile: kimya.

Na usichomoe kwa mkono mtupu huku injini inanguruma, hata kama umeona fundi wa mtaani akifanya hivyo anacheka. Umeme wa plagi ni volti maelfu kwa makumi, na waya ukining'inia bila pa kutolea cheche unaweza kuua koili au moduli yake. Zima injini, vua waya, uchomeke kwenye plagi ya zamani uliyoifunga vizuri kwenye chuma cha injini, kisha washa. Gari likiwa bado na katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi (wengi walishaikata, lakini hayo ni maongezi ya siku nyingine), usiliache hivyo zaidi ya sekunde chache, kwa sababu petroli mbichi inakwenda kuungulia humo ndani.

Kwa gari la injekta ningechagua kuchomoa soketi ya injekta badala ya waya wa plagi, kama mkono unafika. Hakuna mshtuko, hakuna petroli mbichi, na jibu ni lile lile. Jambo moja tu: kompyuta nyingi zikihisi injini inashuka huongeza hewa ili kuibeba, na hilo linaficha jibu. Shikilia mafuta kidogo, mizunguko kama 1,500, na ufanye haraka.

Ukinilazimisha kuchagua moja kati ya hizi mbili, nachukua waya kutaja silinda, halafu plagi ya silinda hiyo peke yake kunieleza tabia yake. Afande alianza na plagi zote nne, akahesabu kura, walio wengi wakashinda.

Matone ya maji au bunduki ya joto

Wazee wa gereji walikuwa na kipimo kizuri sana cha asubuhi. Injini ikiwa baridi kabisa, washa, subiri kama nusu dakika, kisha kwa kijiti dondosha tone moja la maji kwenye kila bomba la ekzosi karibu na kichwa. Matatu yanachemka na kutoweka, la nne linakaa linakutazama. Tone, nasema, si kikombe. Ukingoja injini ipate moto halafu ukaimwagia, chuma hicho kinaweza kupasuka.

Bunduki ya joto, kile kipimajoto cha kuelekeza bila kugusa, hufanya kazi hiyo hiyo kwa namba. Sharti iwe ya kiwandani, inayosoma digrii mia tatu na zaidi. Zile zilizobaki kutoka wakati wa korona ni za paji la uso, hazijui joto la kitu chochote kilichozidi homa. (Ndiyo, kuna aliyeileta apimie nayo Toyota Corona yake. Tulicheka wote.) Elekeza mahali pale pale kwenye kila bomba, kwenye chuma chenye kutu na si chenye kung'aa, baada ya kuondoa lile bati la kuzuia joto.

Kipi bora? Kwa silinda iliyokufa kabisa, tone la maji linatosha na huna haja ya kununua chochote. Kwa silinda iliyolegea tu, maji hayaoni, bunduki inaona. Ila namba zake zina mtego ambao umewanasa wengi. Joto la ekzosi hufika kilele karibu na mchanganyiko ulio sawa, kisha linashuka ukipunguza mafuta na linashuka pia ukiyazidisha. Silinda ya baridi kidogo inaweza kuwa na njaa na inaweza kuwa imevimbiwa. Anayekuambia "ni baridi, basi imezidi mafuta" anabahatisha nusu kwa nusu.

Kwenye kabureta, tafuta tundu kwanza

Kabureta moja ikilisha silinda nne, haiwezi kuinyima silinda moja kwa ubaya wake. Petroli inasafiri ndani ya manifodi, lile bomba la kugawia silinda, ikiwa matone na utando wa majimaji, na zile za kando, ya kwanza na ya nne, hazipati sawa kabisa na za katikati hata gari likiwa jipya. Tofauti hiyo ndogo ni ya kuzaliwa. Tofauti kubwa karibu kila mara ni hewa inayoingia pasipo ruhusa: gasketi ya manifodi iliyokauka, au mpira wa kunyonya hewa wa buta ya breki uliopasuka pale unapoungana na bomba la silinda mojawapo.

Dalili yake unaisikia bila kifaa. Tundu la hewa linaumiza zaidi injini ikinguruma gari limesimama, na ukiongeza mwendo gari linatulia. Injekta iliyoziba ni kinyume: imesimama inavumilika, ukidai nguvu kupanda kilima ndipo inakwama. Swali hili moja, "linamisi zaidi likisimama au likipanda?", limeniokolea muda kuliko kifaa chochote nilichonunua. Muulize mwenye gari kabla hujafungua boneti.

Kulipata tundu lenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni kipande cha mpira sikioni, ncha ya pili ukiipitisha kando ya gasketi hadi usikie mluzi. Ni salama na polepole. Ya pili ni dawa ya kusafishia kabureta, kupuliza kidogo kidogo kwenye maungio. Ikinyonywa, mngurumo unabadilika papo hapo. Ni ya haraka, nayo ina faida ambayo mpira hauna: silinda yenye njaa inachangamka inapopata dawa ile, iliyovimbiwa inazidi kulemewa. Hapo umejibiwa swali la pili. Lakini dawa hiyo inashika moto, na waya za plagi zilizozeeka hutoa cheche. Ndoo ya mchanga iwe karibu, ekzosi isiwe imepata moto sana, na asiwepo mtu anayekuja na chupa ya petroli akisema ni kitu kile kile.

Kipimo cha vakiumu, yaani mvuto wa hewa ndani ya manifodi, kiko hapo pia, kwa wanaokipenda. Mshale unaoruka kwa mpigo sawasawa unaonyesha silinda moja ina shida, hautaji ipi. Punguza inchi nne hivi kwenye namba za kitabu kwa sababu ya mwinuko wetu. Mimi changu kinapata vumbi.

Skana na benchi

Swali la kwanza la wateja wa siku hizi ni "huna kompyuta?" Kwa Kikumi, kompyuta ya kuchomeka haina pa kuchomeka. Kuna kisanduku kidogo ndani ya boneti. Unaunganisha tundu TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi, taa ya injini inapepesa. Ya afande ilipepesa mbili, ikapumzika, ikapepesa tano. 25: mafuta machache. Bure kabisa, na ni kweli, lakini ni ile sauti ya sinia zima. Haina silinda ndani yake. Ukiisoma pamoja na plagi tatu nyeusi, ndipo inakuwa na maana kubwa: gari lenye masizi matatu linalolia njaa. Mafuta yakivuja kutoka injekta tatu, kompyuta ingelia shibe, 26.

Gari jipya kidogo, lenye tundu la pini 16, skana yake inaweza kuhesabu misi ya kila silinda. Hapo lipia skana, inafaa. Kulipia skana kwa gari la 1993 ni kulipia safari ya kwenda kusikia ulichokwisha sikia.

Benchi ya injekta ni jambo la heshima zaidi. Injekta nne zinapanda kwenye mashine, zinapuliza ndani ya vioo vyenye alama, na unaona kwa macho kiasi cha kila moja na umbo la mvua yake. Hakuna kipimo kingine kinachokupa namba safi hivyo. Kampala zipo gereji zenye mashine hiyo. Mimi tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi sikubali. Ila benchi inapima injekta, haipimi gari. Waya uliokatika ndani ya plastiki yake, soketi yenye kutu, tundu kwenye gasketi, vyote vinabaki nyumbani Tororo wakati injekta zinapasi mtihani Kampala. Kabla ya kuzifungua, weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injekta na mpini sikioni: inayofanya kazi inagonga tiki-tiki-tiki. Kisha pima ukinzani wake; Toyota nyingi za zama hizo husoma om 13 hadi 14. Isiyogonga na isiyosoma haihitaji benchi, imekwisha. Na zikirudi, ziwe na ringi mpya za mpira, la sivyo umeleta tundu jipya la hewa kutoka mjini.

Kubadilishana

Hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayosahaulika kwa sababu haina kifaa cha kununua. Ukishajua silinda inayosumbua, chukua kitu chake kimoja, ukihamishie kwenye silinda nyingine. Kimoja tu. Plagi kwanza, kisha waya, kisha injekta. Ugonjwa ukihama pamoja nacho, umemshika mwenye kosa. Ukibaki pale pale, umemwondoa mmoja kwenye orodha ya washukiwa, bila kutumia shilingi. Inachosha, hasa kwa injekta, kwa kuwa lazima utoe kwanza kani ya mafuta kwenye bomba lake na kufungua reli nzima. Lakini inalinganisha vitu ndani ya gari hilo hilo, kwa joto lake na umeme wake, jambo ambalo benchi haliwezi.

Kwa afande tulifuata njia hiyo. Kompresho zilikuwa sawa. Soketi ya tatu ilichomolewa na injini haikushtuka. Gari lilimisi zaidi likipanda kuliko likisimama. Injekta ya tatu iligonga vizuri na ikasoma om 13 na kitu, kwa hiyo umeme wake haukuwa na neno. Plagi na waya tulivihamisha, ugonjwa haukuhama. Tukahamisha injekta ya tatu kwenda ya kwanza, na siku ya pili silinda ya kwanza ndiyo iliyonyamaza.

Alizipeleka zote nne Kampala mwenyewe, kwa basi, ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. Kioo kimoja kilijaa nusu ya wenzake, zikasafishwa, zikapimwa tena, zikalingana. Tulinunua ringi za mpira na gasketi moja. Zile plagi tatu nyeusi nilizipiga brashi, nikazirudisha kazini.